Kanga ikimgusa mama anaruka, nikimbonyeza kwa kiganja anapata nafuu: hiki kitu kipo kweli?

Swali: Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 62, mwaka jana alitoka mkanda wa jeshi ubavu wa kulia mpaka chini ya titi. Vidonda vilikauka vizuri, yamebaki makovu kidogo tu, ila mpaka leo hawezi kuvaa sidiria, kanga ikimpitia tu anaruka, feni hataki hata iwashwe. Cha ajabu nikimwekea kiganja nikabonyeza anasema afadhali. Amemeza panadol na diklofenaki mpaka tumbo limeanza kumsumbua. Shangazi anasema mama anadeka, jirani anasema karogwa. Naomba kujua kisayansi hiki kitu kipo kweli, na watafiti wamefikia wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kumuuguza mama.

Naanza na hilo la shangazi maana maneno ya hivo yanawatesa wagonjwa wangu sana. Mama hadeki. Ulichoandika hapo, kwamba kitambaa kikipita anaruka lakini kiganja kikitulia anapata nafuu, ndo hali tunayoiita alodinia, yaani maumivu yanayoletwa na mguso ambao kwa mtu mwingine hauumizi kabisa, na hiyo sehemu ya kiganja ndo inanifanya nimwamini mama moja kwa moja, kwa sababu mtu anayeigiza angeigiza kinyume chake, angesema ukimbonyeza ndo anaumia zaidi, si ndivyo kila mtu anavyotegemea? Mama hajasoma vitabu vya neva lakini anakuelezea kitu ambacho watafiti walihangaika nacho miaka mingi mpaka wakakielewa.

Kwanza ujue kilichotokea. Mkanda wa jeshi ni kirusi kile kile cha tetekuwanga. Mtu akiugua tetekuwanga utotoni akapona, kirusi hakitoki mwilini, kinajificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu pembeni ya uti wa mgongo, kinakaa humo miaka na miaka, halafu kinga ikishuka, kwa umri au kwa ugonjwa, kinaamka na kushuka na mshipa mmoja mpaka kwenye ngozi. Ndo maana vipele vinakaa upande mmoja tu kama mkanda. Ngozi inapona, lakini ule mshipa na mzizi wake vimeshaharibika, na hapo ndo shida ya mama ilipo, makovu ya nje hayana neno.

Sasa, kwenye ngozi kuna mishipa ya fahamu ya aina tofauti. Kuna minene iliyofunikwa na utando wa mafuta, inaitwa A-beta, hiyo ndo ya kugusa, inakuambia nguo imepita, unywele umetikisika, na inapeleka taarifa kwa kasi ya mita 30 mpaka 70 kwa sekunde. Halafu kuna myembamba isiyo na utando, aina ya C, inabeba joto na maumivu ya kuchoma, na hiyo inajikokota, kama mita 1 tu kwa sekunde. Yaani mtu mzima akiguswa kidole cha mguu, kwa mshipa mnene taarifa inafika kwenye uti wa mgongo kabla hajapepesa jicho, kwa mshipa wa C inachukua kama sekunde nzima. Hiyo tofauti ya kasi na unene usiisahau, maana utafiti ninaokuelezea umejengwa juu yake.

Malalamiko ya aina hii hayajaanza jana. Silas Weir Mitchell, daktari aliyetibu wanajeshi wa vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani pale Philadelphia, aliandika na wenzake mwaka 1864 habari za majeruhi ambao risasi ilipita kwenye mshipa wa fahamu, jeraha likafunga, lakini mkono ukawa haugusiki, wengine wakawa wanaulowesha kwa maji muda wote kwa sababu kitu kikavu kikiugusa hawavumilii. Kwa hiyo kuona ilionekana mapema. Kuelewa ndo kulichelewa zaidi ya miaka mia, na kwa muda mrefu watu walidhani jibu ni rahisi tu, kwamba mishipa ya maumivu imekuwa mikali mno kiasi kwamba hata nguo inaiamsha.

Mwaka 1988 James Campbell na wenzake, Baltimore huko Marekani, wakaamua kulipima hilo kwa wagonjwa wenyewe, na hiki ndo kipimo ninachokipenda kuliko vyote kwa sababu hakikuhitaji mashine ya ajabu. Walitumia mkanda wa presha. Unaufunga kwenye mkono au mguu, juu zaidi ya sehemu inayouma, unaupuliza mpaka damu isipite, halafu unasubiri. Mshipa ukikosa damu unakufa ganzi, lakini haifi yote kwa mpigo, minene inatangulia na myembamba inachelewa. Sasa wewe umekaa na mgonjwa pale unapitisha kitu laini, unagusisha joto, unagusisha baridi, unamuuliza, unasikia hii? inauma? na hii je? Unafika muda mgonjwa hasikii tena kuguswa, lakini joto bado analisikia vizuri, maana yake mishipa ya C bado iko kazini. Na muda huo huo ambao hisia ya kugusa imepotea, maumivu ya mguso nayo yakapotea. Yaani mishipa ya maumivu ipo hai kabisa, haijaguswa na ganzi, lakini kitambaa hakiumizi tena. Wakapima na muda ambao mgonjwa anachukua kusema "naumia" baada ya kuguswa, wakakuta ni mfupi mno, taarifa isingeweza kusafirishwa na mshipa wa C ikafika kwa kasi ile. Kwa hiyo maumivu yale yalikuwa yanapita kwenye mshipa wa kugusa.

Hapo tulia kidogo mwanangu, kwa sababu ndo moyo wa jibu langu. Kanga inapompita mama, mshipa unaotuma taarifa haujakosea, unasema tu "kuna kitu laini kimepita". Taarifa hiyo hiyo ikifika ndani inasomwa kama maumivu. Mama anasikia maumivu ya kweli, na ngozi yake haijaumizwa na kitu.

Wasweden wakalithibitisha kwa njia nyingine. Pale Uppsala walikuwa na ufundi wa kuingiza sindano nyembamba sana ndani ya mshipa wa fahamu wa mtu akiwa macho, wanaupitishia umeme kidogo, mtu anasema nasikia kama naguswa hapa juu ya mguu. Mwaka 1992 Erik Torebjörk na wenzake wakafanya hivo kwa watu wazima wenye afya, halafu pembeni ya pale wanaposikia kuguswa wakachoma kapsaisini, ile kemikali ya ukali wa pilipili. Eneo la karibu likawa halitaki kuguswa kama la mama. Na ule umeme ule ule, ambao dakika chache nyuma ulikuwa unaleta hisia ya kuguswa tu, sasa ukawa unauma, na athari ya pilipili ilipoisha ukarudi kuwa mguso wa kawaida. Kumbuka umeme unaingia moja kwa moja kwenye mshipa, hauanzii kwenye ngozi, kwa hiyo huwezi kusema ngozi ndo imekuwa nyepesi kuumia. Kilichobadilika kilikuwa juu zaidi, kwenye uti wa mgongo.

Na juzi juzi tu ndo tumepata ushahidi wa upande wa ngozi. Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut aliyehamia Marekani, yeye na maabara yake waligundua mwaka 2010 protini inayoitwa PIEZO2 ambayo inageuza msukumo kwenye ngozi kuwa ishara ya neva, na mwaka 2021 akapewa tuzo ya Nobel pamoja na David Julius, ambaye yeye aligundua protini inayopokea ukali wa pilipili. Sasa kuna watu wachache sana duniani wamezaliwa bila PIEZO2 inayofanya kazi, wakifumba macho hawajui mkono wao uko wapi na mguso mwepesi hawausikii vizuri, ila ukiwachoma na kitu chenye ncha wanaumia kama sisi. Watafiti wa taasisi za afya za taifa za Marekani pale Bethesda waliripoti mwaka 2018 kwamba waliwawekea kapsaisini. Mtu wa kawaida baada ya hapo ukimpitishia kitu laini pembeni anaumia. Wale hawakuumia. Ile pilipili yenyewe waliisikia, ila kupanguswa hakukuwa maumivu kwa sababu taarifa ya kupanguswa haikuwepo ya kugeuzwa.

Utaniuliza, inageuzwaje? Mwaka 1983 Clifford Woolf, akiwa London, alionyesha kwa panya kwamba baada ya jeraha uti wa mgongo wenyewe unabadilika, unakuwa mwepesi kuitikia hata vitu vidogo. Kwa kawaida ndani ya uti wa mgongo kuna seli ambazo kazi yake ni kuzuia, zimekaa kama askari getini, taarifa za kugusa zinaambiwa piteni huku, haziruhusiwi kuingia njia ya maumivu. Mshipa ukiharibika askari wanalegea. Kundi la Yves De Koninck kule Kanada lilionyesha mwaka 2003, kwa panya pia, kwamba baada ya mshipa kuumia seli za ile njia ya maumivu zinashindwa kutoa chumvi ya kloraidi ipasavyo, na kemikali ambayo ilitakiwa kuzituliza inashindwa kuzituliza, na baadhi ya seli badala ya kutulia zinaamka. Ukifikiria ni jambo la kusikitisha, mwili unatuma kizuizi chake kama kawaida na kizuizi chenyewe kinaongeza moto.

Lakini usije ukadhani kila kitu kimehamia juu kwenye uti wa mgongo na huku chini kwenye ngozi hakuna la kufanya. Mwaka 1992, ule ule wa kipimo cha Wasweden, Richard Gracely na wenzake walieleza wagonjwa 4 waliokuwa na maumivu ya mguso eneo pana, na kila mmoja alikuwa na sehemu moja ndogo inayouma kuliko zote, kovu au sehemu iliyojeruhiwa. Walipochoma ganzi pale padogo tu, eneo lote likatulia, hata mbali na sindano, na ganzi ilipoisha yote yakarudi. Maana yake uti wa mgongo unabaki umechachamaa kwa sababu kuna kitu huku chini kinaendelea kuuchokoza kila siku. Na kwa watu wa mkanda wa jeshi kama mama, Michael Rowbotham na Howard Fields wa San Francisco walikuta kwamba baadhi ya wenye maumivu makali ya mguso ngozi yao bado inasikia joto karibu na kawaida, yaani mishipa ya C imebaki hai na inaendelea kuchokoza, wakati wengine ngozi imekufa ganzi kabisa lakini bado wanaumia. Ugonjwa jina moja, ndani ni vitu viwili au zaidi.

Hilo mimi naona ndo jambo kubwa kwenye utafiti wa sasa. Wajerumani wamejitahidi sana, walitengeneza utaratibu wa kupima ngozi kwa vipimo 13, brashi, pamba, ncha, joto, baridi, mtetemo, na mwaka 2017 Ralf Baron na wenzake wakachambua wagonjwa 902 wa mishipa ya fahamu wakakuta wanajigawa makundi matatu: waliopoteza hisia asilimia 42, ambao joto na baridi vinawaumiza zaidi asilimia 33, na ambao kuguswa na kuchomwa ndo shida kubwa asilimia 24. Na Wadenmaki walionyesha mwaka 2014 kwamba mgawanyo wa namna hii unaweza kuwa na maana kwenye dawa. Walitoa okskabazepini, dawa ya kifafa, kwa wale ambao mishipa yao midogo bado iko hai ikahitaji kutibu watu karibu 4 ili mmoja apate nafuu ya maana, kwa wale waliokufa ganzi ikahitaji 13. Dawa moja, jina la ugonjwa moja, matokeo mbali mbali hivo. Bado hatujafika mahali pa kumpima mgonjwa kwa brashi asubuhi na kumwandikia dawa yake kamili jioni, ila njia ni hiyo, na mimi siwezi kumwandikia mgonjwa wa namna hii dawa bila kumgusa kwanza.

Kumgusa kwenyewe hakuhitaji makubwa, na unaweza kumwomba daktari yeyote afanye. Pamba inavutwa iwe kama mkia, inapitishwa kuanzia ngozi isiyouma kuelekea panapouma, mgonjwa anasema "hapa" inapobadilika, unaweka alama kwa kalamu. Halafu kijiti cha meno, unagusa taratibu. Halafu kitu baridi cha chuma. Halafu kidole unabonyeza na kutulia. Mara nyingi eneo la pamba linakuwa pana kuliko la makovu, na mgonjwa mwenyewe anashangaa. Upande wa pili wa mwili unapimwa vile vile kulinganisha. Dakika 10 tu, na mgonjwa akishaona umechora mpaka wa maumivu yake anajua kuna mtu amemwamini.

Na kiganja? Mishipa ya kugusa inapiga kelele kitu kikianza kugusa na kikiwa kinatembea. Kikitulia palepale mingi inanyamaza haraka. Kanga inatembea, upepo wa feni unatikisa vinyweleo, sidiria inasugua kila akipumua. Kiganja kimetulia. Kwa hiyo tumia hilo: wengi wanapata nafuu kwa fulana ya pamba inayobana kidogo isiyotembea kuliko nguo pana inayopepea, na wengine wanazungushia ile nailoni laini ya kufunikia vyakula juu ya eneo, halafu nguo juu yake, nguo inateleza bila kusugua ngozi. Sio dawa, ni namna ya kuishi wakati dawa inafanya kazi.

Tuje kwenye dawa. Diklofenaki asimamishe, na tumbo hilo aende likaangaliwe. Panadol na diklofenaki zinafaa zaidi maumivu ya jeraha na uvimbe, na maumivu ya mama yanatoka kwenye mshipa ulioharibika, ndo maana anameza na hasikii kitu, na kwa miaka 62 tumbo na figo ndo vinaumia. Dawa zenye ushahidi ni za aina nyingine. Amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona na ya bei nafuu, ilijaribiwa kwa maumivu ya baada ya mkanda wa jeshi kule Kanada na matokeo yakatoka mwaka 1982, na bado inatumika mpaka leo. Gabapentini, ambayo asili yake ni dawa ya kifafa, ilijaribiwa kwa wagonjwa 229 wa tatizo hili hili la mama, matokeo yakachapishwa mwaka 1998, ikasaidia. Ila nikuambie ukweli wa namba: mwaka 2015 watafiti walikusanya majaribio 229 ya dawa za maumivu ya neva, wakakuta kwa kundi la amitriptilini unatibu watu karibu 4 ili mmoja apate nafuu ya nusu, kwa pregabalini, ndugu wa gabapentini, karibu 8. Kwa hiyo dawa ya kwanza ikigoma msikate tamaa, na wala isiwe sababu ya kusema mama anadanganya, mnahamia nyingine au mnachanganya chini ya daktari. Kuna na plasta za lidokaini, dawa ya ganzi, za kubandika juu ya ngozi iliyopona, masaa 12 zipo na masaa 12 zinatolewa, kwa alodinia ya eneo dogo mimi nazipenda kwa sababu hazilevyi mtu, tatizo ni upatikanaji na bei.

Dozi usinunue mwenyewe dirishani. Amitriptilini kwa umri wa mama inaanza chini sana, miligramu 10 usiku, inapandishwa polepole, na daktari lazima ajue kama ana tatizo la moyo, presha ya macho, au mkojo unaokataa kutoka. Gabapentini inapimwa na hali ya figo, na zote zinaleta usingizi na kizunguzungu, kwa hiyo siku za mwanzo mama asiamke peke yake usiku kwenda chooni. Wiki mbili za kwanza msitegemee miujiza, nafuu inakuja taratibu.

Mambo matatu kabla sijaacha. Msimpake pilipili, mafuta ya taa wala kumkanda na maji ya moto, ngozi iliyopoteza hisia inaungua na mwenyewe hajui. Kama hajapima virusi vya UKIMWI tangu atoke huo mkanda, apime, umri wake peke yake unatosha kuamsha kirusi hiki lakini kipimo ni rahisi na kila aliyetoka mkanda anastahili kukipata, vijana ndo zaidi. Na mtu mwingine hapo nyumbani akitoka vipele vya upande mmoja awahi hospitali ndani ya siku 3 apewe asiklovia, dawa ya kupambana na kirusi hicho, na vikitokea karibu na jicho aende siku hiyo hiyo.

Ukifika kliniki usiseme tu "mama ana maumivu ya kifua", watampima moyo mkarudi nyumbani. Sema alitoka mkanda wa jeshi, vidonda vimepona, anaumia akiguswa na nguo na anapata nafuu akibonyezwa, na taja dawa zote alizokwisha meza. Na akishaanza amitriptilini au gabapentini akapata nafuu, asiache ghafla, zinapunguzwa kidogo kidogo kwa kuelekezwa na aliyeziandika.